Kufungua Tableti ya Marehemu: Ni Haki ya Nani?



Katika matanga yetu huku ughaibuni limeingia swali ambalo wazee wetu hawakuwahi kuulizwa. Mtu anafariki, anaoshwa, anasaliwa, anazikwa, watu wanasoma khitma, na wageni wanapoanza kupungua mmoja katika jamaa anauliza kwa sauti ya chini: "Namba yake ya siri nani anaijua?" Anakusudia simu ya marehemu, au tableti yake, ile ambayo nyumbani siku hizi huitwa kishikwambi. Mimi ni injinia, na kwa ajili hiyo swali hili huletwa kwangu kama gari bovu linavyopelekwa kwa fundi. Watu hudhani ni suala la ufundi. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka lilipoingia nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa alifariki mjini Leicester mwezi wa Novemba 2023. Alikuwa mjane, ameacha binti wa miaka 24 na mvulana wa miaka 15. Zaidi ya hayo, alikuwa ndiye mshika fedha wa mchezo wa kina mama kumi na wawili, ambao wengine huuita upatu. Kila mmoja akitoa pauni 200 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao akipokea pauni 2,400. Ni wanawake wanaofanya kazi za usafi, za kutunza wazee na za madukani. Fedha ile ndiyo nauli ya kwenda kumwona mama, ndiyo ada ya mtoto, ndiyo tofali za nyumba inayojengwa Unguja chumba kwa chumba.

Siku ya tatu baada ya maziko tulikuta kabatini mwake bahasha yenye pauni 1,600. Maana yake wanane walikwisha kulipa na wanne bado. Wanane wepi? Na zamu iliyofuata ilikuwa ya nani? Kura ilipigwa mwanzo wa mwaka, na orodha aliiweka marehemu peke yake. Daftari alikuwa ameliacha tangu mwanawe alipomfundisha kuandika katika tableti. Tableti ilikuwepo, juu ya friji, imechajiwa vizuri, na imefungwa.

Jambo hili halikuwa dogo. Kwetu sisi Waislamu mirathi ina utaratibu wake: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Fedha za mchezo hazikuwa hata deni, zilikuwa amana. Shangazi yetu alinitazama mbele ya watu wote akasema, "Baba, si wewe ndiye msomi wa mambo haya? Ifungue. Dada yako asilale na haki za watu."

Nikaichukua. Naomba nieleze kidogo jinsi kufuli hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu hudhani kuwa fundi yeyote wa dukani anaweza kuifungua. Namba ya siri ya tarakimu sita ina michanganyiko milioni moja. Kwa kompyuta ya kawaida milioni moja si kitu. Lakini katika vifaa hivi namba hiyo imefungamanishwa na ufunguo uliozikwa ndani ya chipu yenyewe, ufunguo ambao hauwezi kusomwa ukatolewa nje. Kwa hiyo kila jaribio lazima lifanyike juu ya kifaa kilekile, na kifaa kinajua kukuchelewesha. Ukikosea mara kadhaa kinakwambia subiri dakika moja, kisha tano, kisha kumi na tano, kisha saa nzima. Ukifika mara kumi kinajifunga kabisa, na ikiwa mwenyewe aliweka hivyo, kinafuta kila kilichomo. Alama ya kidole nayo haisaidii, kwa sababu kifaa kikikaa siku mbili bila kufunguliwa, au kikizimwa na kuwashwa, hudai namba kwanza. Mwaka 2018 polisi wa mji wa Largo, Florida, walikwenda katika nyumba ya mazishi wakajaribu kufungua simu ya marehemu kwa kidole chake mwenyewe. Haikufunguka.

Niliwapigia simu waliotengeneza tableti ile. Jibu lao lilikuwa la adabu na la wazi: tukipeleka cheti cha kifo na uthibitisho wa ununuzi wanaweza kutusaidia kuiondolea kufuli ili itumike tena, ila yote yaliyomo yatafutika. Yaani tuchague moja, tableti tupu iliyo wazi au tableti iliyojaa iliyofungwa.

Tukaanza kubahatisha. Siku ya kuzaliwa ya binti, haikukubali. Mwaka aliofariki mumewe, haikukubali. Tarehe aliyoingia nchi hii, haikukubali. Baada ya jaribio la sita niliiweka chini, maana mikono ilikuwa inanitetemeka. Hapo ndipo mpwa wangu, yule mvulana, aliponifuata jikoni.

"Mjomba," alisema, "mimi naijua."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizo. Akasema, "Mama aliniambia namba hii ni yangu na yake tu. Akasema mtu akitaka kitu, nimtafutie mimi, lakini namba nisimpe. Nitaifungua mimi, Mjomba, nikusomee ya mchezo."

Sikumkubalia. Nilimwambia yeye ni mtoto, mambo ya fedha ni ya watu wazima, na mama yake sasa yuko mbele ya haki na anamhitaji. Nilisema maneno mazito kwa mtoto aliyefiwa wiki ile. Akanipa namba, kisha akaondoka bila kunitazama.

Orodha ya mchezo niliipata kwa dakika kumi. Majina manane yalikuwa na alama mbele yake, na fedha za kwenye bahasha ziliafikiana nayo, haikupungua pauni hata moja. Zamu ilikuwa imeandikwa kwa tarehe mpaka mwisho wa mzunguko. Kazi niliyotumwa ilikuwa imekwisha. Ningeweza kunakili majina yale katika karatasi na kuizima.

Sikuizima. Nilikaa nayo muda wa saa mbili. Nilianza na picha, na hilo sidhani kuwa ni kosa kubwa. Kisha nikaingia katika ujumbe aliokuwa akiandikiana na rafiki yake wa tangu skuli, kwa sababu niliona jina langu, na jina la mtu lina sumaku kwa mwenye jina. Nilisoma aliyoyasema juu yangu. Nilisoma pia mambo ya huyo rafiki, ya ndani ya nyumba yake, ambayo hakuwa amemwambia mtu mwingine duniani ila dada yangu.

Sitaandika hapa niliyoyasoma. Nasema tu kwamba jambo moja liliniuma, na mpaka leo sina wa kumuuliza. Dada yangu angekuwa hai, angeweza kusema, "Nilikuwa na hasira siku ile," au "Hukuelewa nilichokusudia," au hata "Ndiyo, na bado nasema." Maiti hana nafasi ya kufafanua. Maneno aliyoyaandika saa tano za usiku akiwa amechoka na zamu ya kazi yamegeuka kuwa kauli yake ya mwisho juu yangu, wala yeye hakukusudia hivyo. Na yule rafiki yake hukutana naye harusini. Ananiuliza hali za watoto, nami namjibu huku nikijua nisichotakiwa kukijua.

Basi nimejiuliza tangu hapo: je, nilikuwa na haki?

Wapo wanaosema kuwa haki ninayo yote. Hoja yao ni ya kasha. Zamani bibi alipofariki, ufunguo wa kasha ulikuwa katika pindo la kanga yake au chini ya mto, na warithi walifungua wakagawana kilichomo, dhahabu, nguo, na barua pia. Hakuna aliyesema barua za marehemu zichomwe bila ya kuonekana. Tableti ni kasha la kisasa, na mrithi wa kasha ni mrithi wa kilichomo.

Mahakama kadhaa zimefuata njia hii. Mwaka 2005 mahakama ya mirathi katika jimbo la Michigan, Marekani, iliamuru kampuni ya Yahoo iwape wazazi barua pepe za mtoto wao, askari aliyeuawa Iraq mwaka 2004. Kesi ya Ujerumani ilikuwa ngumu zaidi. Msichana wa miaka 15 alifariki mwaka 2012 baada ya kugongwa na treni ya chini ya ardhi mjini Berlin. Wazazi walitaka kuona mazungumzo yake ya Facebook wajue kama alijiua au ilikuwa ajali. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Berlin iliwakatalia, ikisema siri za wale aliokuwa akiandikiana nao lazima zilindwe. Lakini tarehe 12 Julai 2018 mahakama ya juu ya shirikisho iliwapa haki wazazi. Ilisema kuwa akaunti hurithiwa kama zinavyorithiwa barua na vitabu vya kumbukumbu.

Siwezi kumlaumu mzazi yule. Anayetaka kujua mwanawe alikufaje hana tamaa ya siri za watu, ana kidonda. Lakini hoja ya kasha ina upungufu, na mimi niliyekaa na tableti ile saa mbili nauona. Katika kasha la bibi mlikuwa na barua alizopelekewa tu, maana alizoziandika yeye zilikuwa makashani mwa watu wengine. Tena barua huandikwa kwa kufikiriwa. Tableti ina pande zote mbili za mazungumzo, ya miaka, pamoja na hasira za dakika moja, picha zilizokosewa, maradhi aliyouliza usiku kwa hofu, na pahala alipokwenda kila siku. Ukilifungua kasha umefungua mali ya mtu mmoja. Ukiifungua tableti umefungua milango ya watu arobaini, na wengi wao wako hai wala hawakufiwa.

Wapo kwa upande wa pili wanaosema isifunguliwe kabisa. Siri ya mtu ni siri yake, na kufa hakumwondolei heshima. Qur'ani katika Suratul Hujuraat inakataza kupelelezana, na haikusema kuwa aliyekufa ni halali kupelelezwa. Hoja hii naiheshimu, na ndiyo aliyokuwa nayo mpwa wangu bila ya kuisomea. Lakini nayo ikishikwa peke yake hudhulumu. Kina mama wanane walitoa fedha zao, na mwenye zamu alikuwa na tiketi ya ndege ya kulipia. Tukisema tableti ifungwe milele kwa heshima ya marehemu, tunamfanya marehemu adaiwe kwa jina la kumheshimu.

Nilipokuwa nikipima hoja hizi mbili nilikumbuka asubuhi ya kumwosha dada yangu. Wanawake walikuwepo wa kutosha, kwa hiyo sisi wanaume tulikaa nje ya chumba. Aliingia binti yake, na shangazi, na mama mmoja anayeijua kazi hiyo. Walifunga mlango. Sote tunajua kinachofanyika humo: mwili hufunikwa shuka, na mkono wa mwoshaji hupita chini ya shuka, umevishwa kitambaa, ili isionekane tupu ya maiti. Huoshwa kila pahala, hakiachwi kitu kwa kuona haya, lakini hakitazamwi kisichokuwa na haja ya kutazamwa. Na mwoshaji akiona kitu katika mwili, alama au kovu au kasoro yoyote, hakitoki chumbani. Atakayeulizwa atasema mema, na ikiwa hana mema ya kusema atanyamaza.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Sheria ya kufungua tableti ya marehemu tumekuwa nayo siku zote, hatukuitambua tu. Maiti hawezi kujiosha, kwa hiyo lazima aoshwe, na asiyeoshwa amedhulumiwa. Lakini ulazima wa kumwosha haukumpa kila mtu ruhusa ya kumtazama. Vivyo hivyo, marehemu hawezi kujilipia deni wala kurudisha amana, kwa hiyo tableti yake pengine lazima ifunguliwe. Ulazima huo huishia pale haja inapoishia. Baada ya dakika kumi haja yangu ilikuwa imekwisha, na yaliyobaki yote nilikuwa nimeinua shuka.

Tena nililiona jambo jingine lililoniaibisha zaidi. Mwili wa dada yangu sikuukaribia, nikakaa nje na wenzangu kwa adabu. Siku chache baadaye nikapewa tableti yake, ambayo ilikuwa na mengi ya siri kuliko mwili, nikaingia nayo chumbani peke yangu nikafunga mlango, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa nini nilipewa mimi? Kwa sababu nina shahada ya uhandisi. Lakini mwosha maiti hachaguliwi kwa kuwa anajua kutengeneza bomba la maji. Huchaguliwa kwa ukaribu na kwa uaminifu wa ulimi. Aliyestahili kuifungua ni binti yake, pamoja na mmoja katika wale kina mama wa mchezo awe shahidi. Au ni yule mvulana, ambaye alinipa jawabu sahihi jikoni tangu mwanzo: yeye aifungue, asome kinachotakiwa, namba abaki nayo. Mtoto wa miaka 15 alikuwa ameshika shuka, mimi nikamnyang'anya.

Kwa hiyo nikiulizwa leo tableti ya marehemu ni haki ya nani, najibu kuwa swali limeulizwa vibaya. Ni wajibu, na wajibu una mipaka. Kwanza, itajwe haja kabla ya kufungua, kwa maneno, mbele ya jamaa: tunatafuta madeni, au tunatafuta picha za watoto, au tunatafuta sababu ya kifo. "Tuone tu kuna nini" si haja. Pili, wawe wawili, mmoja amzuie mwenzake, na wawe katika wale ambao marehemu mwenyewe asingewaonea haya. Tatu, mazungumzo na watu walio hai yasiguswe ila kwa haja hiyohiyo iliyotajwa. Nne, kilichoonekana bila kukusudiwa kizikwe.

Lililo bora zaidi ni kutowaachia wenzetu fumbo hili. Siku hizi njia zipo. Tangu mwaka 2013 Google inakuruhusu kuteua watu wasiozidi kumi watakaopewa vitu unavyovichagua wewe, akaunti yako ikikaa kimya kwa muda uliouweka, kuanzia miezi mitatu. Facebook tangu 2015 ina utaratibu wa kuteua mtu wa kusimamia ukurasa wako baada ya kifo, lakini ujumbe wako wa faragha hawezi kuusoma. Apple tangu Desemba 2021 inakuruhusu kuteua mrithi wa akaunti. Ukifariki, huyo hupeleka cheti cha kifo pamoja na ufunguo maalumu uliompa, akapata picha, ujumbe na maandishi yako yaliyohifadhiwa kwao, ila hapati manenosiri uliyoyahifadhi. Asiyependa hayo yote, karatasi moja yatosha: madeni yangu ni haya, amana za watu ni hizi, picha ziko hapa, na yaliyobaki naomba yafutwe. Dini yetu inatuhimiza mtu mwenye jambo la kuusia asilale bila ya wasia ulioandikwa. Wazee walikuwa wakiandika mashamba na minazi. Sisi tuandike pia kinachokaa katika vioo hivi.

Mimi yangu nimeiandika. Niliyemteua si mtaalamu wa kompyuta. Ni mpwa wangu, ambaye sasa ameingia chuo kikuu.

Kabla ya kumteua nilimwomba radhi. Nilimwambia kuwa siku ile yeye ndiye aliyekuwa mtu mzima. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, uliyasoma ya Mama?" Nikamwambia, "Niliyasoma, na sikupaswa." Akasubiri. Nadhani alitaka nimweleze kulikuwa na nini, maana ni mama yake, na ana shauku kuliko mimi. Sikumwambia kitu. Tableti ile iko kwake, na namba anayo. Anasema tangu siku ile ameifungua mara moja tu, kuchukua picha.

Wabillahi tawfiq.